Siri ya Dumu

Ofisini tulimwita Rula, kwa sababu hata mstari wa kukata neno lililokosewa aliupiga kwa rula. Kazi yake ilikuwa kuchora mabango ya afya, na meza yake ilitazamana na yangu ya masijala. Kwa hiyo haya niliyaona, sikuhadithiwa.

Wiki tatu alihangaika na infografia moja: picha ya dumu la maji ya kunywa, mishale mitano na maneno machache ya namna ya kuliosha ndani, mpaka kwenye pembe zile ambazo mkono haufiki. Ilipendeza, jamani! Jumatatu tukaiweka kwenye ukurasa wa ofisi mtandaoni. Kufikia Jumatano ilikuwa imetazamwa na watu kumi na mmoja, na wanne kati yao nilikuwa mimi.

Mkuu wetu akaja mpaka mezani kwake. "Ijumaa isipofika elfu tano, hii meza naifunga. Utahamia stoo, kwenye fagio na ndoo."

"Basi tuitangaze japo kidogo, Mkuu."

"Itangazwe ya nini? Chema chajiuza, kibaya chajitembeza."

Na anayesema hivyo picha yake mwenyewe ameibandika kila mlango, hata wa choo. Hasira zilinipanda. Rula alikaa macho mekundu, akiichezea rula yake. Halafu akaanza kucheka peke yake, nikaogopa.

"Haijiuzi, haijitembezi," akaniambia. "Basi itatoroka."

Akamtumia shangazi yake kiungo cha ile picha, kisha akampigia. Huyo shangazi ukoo mzima unamwita Redio. Mdomo wake haujui komeo.

"Shikamoo, shangazi. Nimekutumia kitu kwa bahati mbaya. Kifute, nakuomba. Hakitakiwi kutoka ofisini."

"Marahaba. Makubwa! Kwani dumu limefanya nini?"

"Usiniulize, shangazi. Na mawifi wasijue."

Alipokata simu mimi nilikuwa chini ya meza, nimejiziba mdomo kwa faili.

Alhamisi asubuhi fundi viatu wa pale kona alinivuta mkono, akatazama kushoto na kulia. "Umeiona hii? Imevuja. Wakubwa hawataki tujue." Akanionyesha mshale wa tatu: sugua pembe kwa brashi. Nikamwahidi sitamwambia mtu.

Ijumaa Mkuu akaitisha kikao, mishipa ya shingo imemtoka. "Nani amevujisha siri ya ofisi? Mama yangu mzazi kanitumia, eti nisimwambie mtu!"

Rula akasimama. "Mkuu, ipo kwenye ukurasa wetu tangu Jumatatu. Na uliidhinisha wewe."

Mkuu akaketi.

"Imefika wangapi?"

"Elfu ishirini na mbili."

Mkuu akakohoa, akarekebisha tai. "Si nilisema? Chema chajiuza."

Meza ikabaki. Lakini Rula hakuwa na raha. Kumdanganya shangazi kulimkaa kooni. Jumamosi akanibeba niwe shahidi, tukaenda kuomba radhi. Tulimkuta uani, mikono imejaa povu, anasugua dumu la nne.

"Shangazi, nisamehe. Ile haikuwa siri."

Hakuinua hata kichwa. "Mwanangu, siri gani ina nembo na namba ya simu? Mimi mzee, si kipofu."

"Sasa mbona uliisambaza?"

"Ungeniambia nisambaze tangazo, nani angelifungua? Niliisikia sauti yako, nikajua umebanwa. Nikawapigia mawifi mmoja mmoja, na kila mmoja nikamwapisha."

Rula akaangua kilio, na kicheko humo humo. Shangazi akamsukumia brashi.

"Haya, chutama hapa. Hii pembe mkono wangu haufiki."