Lame mbili chini ya pikapu yangu

Niambieni kama ni mimi tu ninawaza vibaya.

Leo asubuhi nimeinua pikapu yangu hapa nyumbani. Nikipakia mawese inalala nyuma, na kwa vita hii, gari ikilala, kwenye bariyeri za barabarani askari wanasema imebeba bunduki.

Jirani yangu Papa Neema akanishikia jeki. Tukaongeza lame mbili, vile vyuma bapa vya springi, kwenye resori za nyuma. Gari ikasimama, mukubwa!

Saa sita, bariyeri ya Kizuka. Askari hakuinama hata kuangalia chini.

"Hizo lame mbili za leo ni za kuficha nini?"

Mbili. Akasema mbili!

Wakateremsha bido zote za mafuta, wakafungua moja moja. Mawese tu.

Narudi, Papa Neema iko kwenye mulango wangu, anacheka.

"Bariyeri wamekusumbua?"

Sikuwa nimemuambia kama ninatoka.