Mkono wa Mama Mdomoni

Mimi nina mdomo, sikatai. Miaka ishirini na miwili niko hapa Kitale, studio yangu iko nyuma ya steji ya matatu, nachapa picha za watu, na hakuna picha imepita mikononi mwangu bila kusemwa. Hata kama hukuniuliza.

Kuna Chelagat wa Kapsokwony aliyeniletea picha ya harusi ya dadake niikuze. Nikamwambia, "Bwana harusi anakaa kama mtu ameshikwa na polisi. Na huyu wa soksi nyeupe, nani alimwalika?" Chelagat alicheka mpaka akashika kaunta. Watu walipenda hivyo. "Peleka kwa Mukhisa, atakuambia ukweli," ndivyo walivyosema huko nje, nami kichwa kikavimba. Wengine hawakucheka. Hao walilipa, wakaenda, hawakurudi, na mimi sikujiuliza kwa nini.

Mama yangu aliitwa Nabwile. Aliuza maharagwe katika soko la Misikhu tangu sijazaliwa. Alikuwa na kicheko, wee! Akianza kucheka huku, wauza kuku kule mwisho walishacheka kabla hawajajua kuna nini. Na akicheka ulimwona pengo. Meno mawili ya mbele, ya chini, aling'olewa akiwa msichana, kama walivyong'olewa wengi wa rika lake kwetu. Kwao lilikuwa jambo la kujivunia. Kwangu mimi, mtu wa studio, niliyezoea kuwaambia watu wakae vipi mbele ya kamera, lilikuwa aibu. Nasema tu vile lilivyokuwa.

Krismasi moja mpiga picha wa kutembeatembea alimpiga picha pale sokoni. Mama akaifunga katika leso, akaja nayo Kitale kunionyesha. Aliingia saa nne asubuhi, studio ina wateja watatu, akafungua lile fundo polepole.

"Angalia, Mukhisa. Nimetoka?"

Nikaishika kwa pembe, kama ninavyoshika za watu wote. "Pengo ndilo limetoka, mama. Mtu anaona pengo kwanza, halafu wewe. Siku nyingine funga mdomo, bana."

Wateja wakacheka. Mama pia akacheka, lakini katikati ya kicheko mkono wake ukapanda ukafunika mdomo. Akairudisha picha kwenye leso. Nilimnunulia soda, akanywa nusu, akasema gari lisimwache. Ule mkono niliuona. Ningeweza kumfuata mpaka nje nimwambie, mama, nilikuwa natania. Lakini kulikuwa na mtu anangoja picha ya pasipoti.

Mwaka jana, mwezi wa nane, mama alituacha. Aliugua siku nne tu. Sasa kwetu huwezi kuzika mtu bila picha: moja kubwa ya fremu ya kutangulia jeneza, na nyingine ya kuweka mbele ya programu ya mazishi. Ndugu wote walisema kwa sauti moja kwamba hiyo ni kazi ya Mukhisa. Si ana studio?

Dada yangu Sellah akaomba picha kwa kila mwenye simu, akaja nazo Kitale, tukakaa mbele ya kompyuta. Ubatizo wa wajukuu. Harusi ya binti yake Sellah. Harambee ya kanisa. Picha arobaini na moja, na katika zote mama amefunika mdomo. Kama si mkono, ni leso. Kama si leso, ni kitabu cha nyimbo. Katika moja amejificha nyuma ya kichwa cha mjukuu, macho yake tu ndiyo yanacheka.

"Mama alianza hii lini?" Sellah akauliza.

Siku niliijua. Saa niliijua. Nikamwambia, "Sijui." Mimi huyo, mtu wa ukweli.

Basi nikasema nitautoa mkono kwa kompyuta. Sellah amefanana na mama, kwa hivyo nikampiga picha, nikachukua mdomo wake nikaubandika pale. Meno yote yako, midomo imekaa vizuri, hata mshono huuoni. Ingekuwa ya mteja ningejisifu wiki nzima. Sellah akasogeza kiti karibu na kompyuta.

"Huyu ni nani?"

"Si mama?"

"Huyu si mama, Mukhisa. Toa."

Nikaitoa. Tukamzika mama na picha ya mkono mdomoni. Jeneza lilipopita na ile fremu mbele, wanawake wa soko la Misikhu nikawasikia nyuma yangu. "Woi! Kwani hawakupata nyingine? Nabwile tunayemjua sisi hakuwa wa kujificha." Nikaangalia viatu vyangu mpaka kaburini.

Watu walipokuwa wanakula, Rosaline akanifuata. Yeye aliuza ndizi karibu na mama miaka yote hiyo. Alikuwa na Biblia yake, akaifungua katikati, akatoa picha. Nikaijua kabla hajaigeuza. Mama ameinua uso juu, gorogoro, lile kopo lake la kupimia maharagwe, mkononi, mdomo wazi, na pengo lake katikati, na ungeapa unamsikia.

"Alinipa siku ile aliyotoka kwako," Rosaline akasema. "Aliniambia, weka wewe, mtoto wangu amesema hii ni mbaya. Nikamwambia, Nabwile, hii ni nzuri sana. Akakataa. Akasema, Mukhisa ndiye anajua mambo ya picha."

Nililia pale na sahani ya wali mkononi, na sikujali nani ananiona. Baada ya chakula nilimwita Sellah kando nikamwambia yote. Alichukua ile picha akaenda kukaa nayo karibu na kaburi.

Sasa nimeikuza, iko ukutani juu ya kaunta. Juzi Chelagat alikuja tena, na picha ya mama yake, amepigwa na simu nje ya nyumba. Ni picha mbovu, siwezi kusema uongo. Imekatwa nusu ya kilemba, na kidole cha mpigaji kimeingia upande mmoja. Chelagat alikuwa ameshaanza kucheka.

"Haya sema, Mukhisa. Ametoka?"

"Mama yuko hai?"

"Yuko nyumbani, anachuma sukuma wiki."

"Mwambie ametoka vizuri sana. Mwambie fundi wa Kitale ndiye amesema."

"Ati hivyo tu?" akaniuliza, akiona nimeharibu mchezo.

"Hivyo tu," nikamjibu. "Na umpigie simu sasa hivi, ukiwa hapa, nisikie ukimwambia."