Ruhusa ya Herufi za Mzee

Sitaki mtu anihurumie. Niliyoyafanya niliyafanya nikiwa na akili timamu, tena nimeshiba.

Enzi za foleni za sabuni, Musoma ilikuwa na mwandishi wa mabango mmoja tu wa maana, mzee wa Mwisenge aliyenifundisha kazi. Rangi ilikuwa hakuna. Tulichanganya masizi na oili chafu, tukaandika SUKARI juu ya milango ya maduka yaliyoisahau sukari yenyewe. Herufi zake alizikata kwa wembe kwenye filamu za eksirei zilizotupwa hospitali. Unabana filamu ukutani, unapaka, herufi inabaki. R yake ilirusha mguu kama mtu anayecheza ngoma, S ilikuwa na kitambi. Hata asiyejua kusoma alijua nani kaandika.

Masharti yake yalikuwa mepesi. Yeyote aliruhusiwa kuazima, ila aseme kwanza anakwenda kuandika nini. Ruhusa moja, bango moja, na filamu zirudi kesho yake. Mwenye kazi ya kanisa tu ndiye aliyepewa herufi zote bila maswali zaidi.

Ikaja ruksa, biashara zikafunguliwa. Kila mwenye mashine ya kusaga akajiita kampuni. Tajiri mmoja wa Manyamanyama, pale Bunda, aliyekuwa akinunua mahindi mpaka Mugeta, akataka chapa ya unga wake: herufi za aina moja kwenye mifuko, malori na duka, na mtu mwingine asiziguse. Alizitaka zile za mzee. Akaniahidi kazi yake yote ya kuandika, mimi peke yangu. Nikamwendea mwalimu wangu.

"Shikamoo mzee. Naomba herufi zote."

"Marahaba. Unaenda kuandika nini?"

"Kanisa, kule Butiama."

Akazifunga kwenye khanga ya marehemu mkewe, akanikabidhi. Nikaenda nazo Bunda moja kwa moja. Tajiri alikuwa na karatasi tayari, imegongwa muhuri: herufi hizi, A mpaka Z, ni kazi ya mikono yangu, na kuanzia leo ni mali yake. Nikasaini. Watu hupenda kusikia kwamba mkono ulitetemeka. Haukutetemeka. Usiku ule nikamnakilia tajiri zote, kesho yake nikamrudishia mzee filamu zake, naye akaniuliza kama padri ameridhika.

Miezi ikapita. Siku moja mzee alikuwa juu ya ngazi pale Mwisenge, anamwandikia mjane mmoja bango la mashine yake. Tajiri akafika na askari. Na mimi.

"Mzee wangu," tajiri akasema, "herufi hizi zina mwenyewe."

"Mwenyewe si ndiyo mimi? Nilikuwaga nazikata huyu hajazaliwa."

"Basi muulize huyo huyo mwanafunzi wako."

Mzee akashuka ngazi, akanitazama. "Sema, mwanangu."

"Ni zangu," nikasema. "Nimemuuzia."

Hakunilaani. Afadhali angenilaani. Askari akabeba filamu, na bango la mjane likabaki limeishia MASHI.

Baada ya hapo mzee aliandika kwa mkono mtupu, akijizuia. Mguu wa R ukitaka kuruka, anaukatisha. Herufi zake zikasimama kama mahabusu, na watu wakasema mzee amezeeka, macho yamekwisha. Walisema mbele yangu, nikacheka pamoja nao. Wateja wake wakaja kwangu.

Alipofariki, binti yake alinifuata nyumbani.

"Dada, baba alikuwaga anasema mkono wake umebaki kwako. Tunaomba umwandikie msalaba, kwa zile herufi zake."

Hakuwaambia. Miaka yote ile hakuwaambia! Niliona aibu, lakini na mimi sikumwambia. Nikapanda gari kwenda Bunda kuomba ruhusa. Nilimkuta tajiri anakula ugali na samaki sato, hata hakunawa ili anisikilize.

"Hapana," alisema. "Hiyo ni chapa ya unga. Wateja wakiikuta kaburini, nani atakula?"

Ningeweza kuandika tu. Nani angekwenda kukagua makaburi? Lakini kazi yangu yote ilikuwa kwake, nami naijua njaa. Nikaandika jina la mwalimu wangu kwa herufi zilizonyooka, za mtu yeyote.

Binti yake aliusoma ule msalaba mara mbili, akaniuliza kwa upole kama nilikuwa na haraka.