Visamaki vya Pipa la Mama Zuhura

Mwanangu, katika ujana wangu mtaani Huruma iko siku moja nakumbuka ambayo natamani ningekataa kuwafuata wenzangu. Ilikuwa miaka ya sabini, mvua imepungua, na mbu walikuwa hawatupi usingizi. Vijana wa ploti yetu tukaamua kuchukua oili chafu ya gereji tuimwage kwenye vidimbwi vya kando ya kijito, viluwiluwi wa mbu wafe.

Mimi nilisita. Ndani ya vidimbwi vile waliishi samaki wadogo kama kidole, wenye mkia mwekundu. Jirani yetu Mama Zuhura alikuwa akiwachota kwa leso na kuwatia katika pipa lake la maji, ili wawale viluwiluwi. Nilijua hivyo, maana mimi ndiye niliyembebea ndoo.

"Kimani," Njoro, mmoja wa vijana wale, akanicheka, "umesoma mpaka fomu foo, halafu unalilia samaki wasiojaza hata kijiko?"

Wenzangu wakaangua kicheko. Nikaona haya, nikainamisha debe la oili.

Jioni samaki walielea, matumbo juu. Mama Zuhura akaja na ndoo yake, akatazama. Nilingoja matusi.

"Mlikuwa mnapigana na mbu, baba," akaniambia taratibu. "Sasa mbona mmewaua askari wenu?"

Kisha akanishika mkono, akanipeleka hadi kwenye pipa lake, akanitilia samaki wachache katika sufuria. "Hawa utawalea wewe."

Namshukuru hadi leo. Angeweza kunifukuza, badala yake alinipa kazi, na kila asubuhi akipita aliniuliza, "Wanao wameamkaje?" Walipozaana tuliwarudisha kijitoni, mara ya kwanza na ya pili. Lakini kila ukikanyaga tope, oili ilipanda juu, nao wakafa. Mbu walirudi. Samaki wa mwisho alizeekea katika pipa la yule mama.

Kwa hiyo, mwanangu, ukilijua jambo, liseme kabla mkono wako haujalitenda, hata wakikucheka. Na kijana akiharibu, mpe cha kutengeneza, kama nilivyopewa mimi. Mungu akujalie majirani wenye moyo ule, na maji yenye uhai karibu na mlango wako.

Mimi wajukuu wangu huniomba niwaonyeshe samaki mwenye mkia mwekundu. Sina pa kuwapeleka.