Nyumba Iliyojengwa Kabla ya Filimbi

Maganda ya kahawa yakioza yana harufu ambayo hakuna mtu wa Ruiru wa umri wangu asiyeijua. Mwanzoni ni tamu, kama ndizi iliyoiva kupita kiasi, halafu inachachuka, inakukaa kooni, na mvua ikinyesha inashuka na maji ya mtaro mpaka mlangoni pako. Nilikulia ndani ya harufu hiyo, katika laini, zile safu za vyumba vya wafanyakazi, za shamba moja la kahawa, na kwa muda mrefu nilidhani baba yangu ananuka hivyo kwa sababu ya kazi. Alikuwa kwenye mashine ya kumenya kahawa. Mtoto wa miaka minane angeambiwa nini? Kwamba babake huchepuka katikati ya mibuni kwenda kwa mwanamke anayepika chang'aa, na kwamba kinachonuka ni yeye mwenyewe, si gunia alilobeba? Niliambiwa na watoto wenzangu. Walikuwa wakiiga anavyotembea, wakiangukiana na kucheka, nami nikicheka nao ili wasinione nimeumia.

Ilikuwa miaka ya Emajensi, hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni. Mkikuyu hakuweza kutoka shamba moja kwenda lingine bila ruhusa, na katika laini zetu kazi, chumba na posho vilikuwa kitu kimoja. Ukipoteza kazi asubuhi, adhuhuri huna pa kulala wala unga wa kupika. Nyapara alimkuta baba amelala juu ya maganda, mashine inazunguka bure, na hakumpa hata nafasi ya kujitetea. Sufuria yetu ilitupwa nje, kisha blanketi, kisha jiwe la kusagia ambalo mama alikuwa amelibeba kutoka kwa mamake. Kufuli ikafungwa. Majirani walisimama milangoni wakitazama miguu yao, kwa maana aliyetuonea huruma kwa sauti angetufuata. Mama hakulia. Alimfunga mdogo wangu mgongoni, akanitwika sufuria, akamshika baba mkono kama mtu anayemvusha kipofu, na tukashika njia ya kuelekea Thika tukiwa na ruhusa ya siku ile tu, kwenda kwenye kijiji alichohamishiwa dada ya mama, tuliyemwita Tata Wangari.

Nikisema kijiji, msomaji asifikirie migomba na kuku. Kilikuwa nyumba zilizobanana juu ya kilima, zimezungukwa na handaki refu lenye vijiti vilivyochongwa vikaelekezwa juu, na juu ya handaki seng'enge, na lango moja, na mnara wa homugadi, walinzi wenyeji walioitumikia serikali. Watu walikuwa wamehamishwa humo kwa nguvu, nyumba zao za zamani zikachomwa. Kila asubuhi wanawake walitolewa kwenda kulima barabara na kuchimba handaki lilelile lililowafungia. Alasiri lango lilifunguliwa kidogo wachote maji na kuokota kuni, homugadi akiwa nyuma yao na bunduki. Jua likielekea kuzama filimbi ililia, na baada ya hapo aliyeonekana nje ya nyumba alipigwa risasi bila kuulizwa jina.

Mkubwa wa kijiji, mwanamume aliyevaa koti la jeshi lisilomtosha, alitutazama langoni kama mtu anayetazama mzigo uliofikishwa mahali pasipofaa. Alisema hakuna mgeni anayelala katika nyumba ya mtu mwingine, amri ni amri. Kila familia iwe na nyumba yake ili askari wajue nani ni nani. Alituonyesha kipande cha ardhi karibu na vyoo, akasema, "Filimbi ikilia na hamna paa hapo, lori la kesho ni lenu." Lori lilikuwa linapeleka watu rizavu, maeneo waliyotengewa Wakikuyu. Sisi rizavu hatukuwa na mtu. Babu alikuwa ameondoka huko zamani akaenda kuchunga ng'ombe wa mzungu, na shamba alilodhani ni lake lilikuwa na watu wengine. Tungeshushwa kando ya barabara tufe njaa kwa utaratibu mzuri wa serikali. Mama alikuwa na alasiri moja.

Hapo ndipo wanawake waliporudi kutoka barabarani, wana udongo mpaka kwenye kope. Tata Wangari alimkumbatia mama mara moja tu, kisha akakimbia kumwita Cucu. Huyo alikuwa bibi kizee mdogo, mkavu, ambaye wote walimwita Cucu, yaani nyanya, ingawa hakubaki na mjukuu hata mmoja hapo. Alisikiliza akiwa ameshika kiuno. Kwetu nyumba hujengwa siku moja. Ikianza asubuhi, jioni moto uwe umewaka ndani, la sivyo haifai kulaliwa na watu. Wanaume hukata miti na kusimamisha, wanawake huleta nyasi na kukandika udongo, na mwenye nyumba huwapikia wote. Cucu alitazama jua, akatutazama sisi, hatuna mti, hatuna nyasi, hatuna unga. Akasema, "Basi tumechelewa. Nani ana ghala?"

Wote walikuwa na maghala ya miti na fito, na yote yalikuwa matupu. Posho ya kijiji ilikuwa ndogo hata panya walihama. Nilimwona mwanamke mmoja, ambaye hadi leo simjui jina, akiingia chini ya ghala lake kwa bega na kuling'oa, kwa hasira, kama anamng'oa mtu meno. Miti ikaanza kuja, mmoja kutoka huku, mwingine kutoka kule, mirefu na mifupi. Lango lilipofunguliwa walitoka kwenda kutafuta kuni, na kila mmoja akarudi na mzigo ambao nje ulikuwa kuni na ndani ulikuwa nyasi. Homugadi mmoja aliona. Alikuwa kijana wa pale pale. Cucu alimpita karibu akamwambia, "Mwangi, usinitazame hivyo, hata mamako ana nyasi humu." Yule kijana akageuza uso akajifanya anawinda inzi.

Kulibaki jambo moja, nalo lilikuwa baba. Mama mmoja alisema tusimamishe wenyewe, wanaume wako kizuizini, nani atalaumu? Wakabishana huku mikono ikifanya kazi. Cucu alikataa. Nguzo ya kwanza iwekwe na mwenye nyumba, kama yuko hai. Alisema kijiji kizima kilikuwa na wanawake ambao wangetoa jicho ili waume zao wasimamishe nguzo mbele yao, na huyu hapa yuko, ana mikono miwili. "Ataweka," alisema. Baba alikuwa ameketi penye kivuli cha choo, anatetemeka, jasho linamtoka, pombe ya jana inamtoka na hakuna ya leo. Wakamwendea wanne. Mmoja alimwagia maji. Mwingine alimshika kidevu akamnywesha uji kama mtoto.

"Mmenifunga kama mbuzi!" baba alipiga kelele.

"Mbuzi husimama mwenyewe," Tata Wangari akamjibu. "Wewe tunakushikilia."

Walicheka. Nataka mjue hilo, kwamba walicheka, na matumbo yao yalikuwa matupu. Baba aliangusha nguzo mara ya kwanza. Akaiangusha tena, ikamkosa mdogo wangu kidogo tu, na mama alimwendea karibu akamwambia polepole, "Kamande, watoto wako watashushwa barabarani. Shika mti." Alishika. Mikono yake ilikuwa ikitetemeka hata nguzo ikatetemeka nayo, na wanawake wakawa wanajaza udongo shimoni kwa visigino, haraka, kabla hajabadilika. Ilisimama imepinda. Nyumba yetu yote ikasimama imepinda kwa sababu hiyo.

Baada ya hapo sikumbuki mpangilio, nakumbuka mikono. Fito zikifungwa kwa kamba za magome. Udongo ukipigwa ukutani mpaka ukawarukia usoni. Mama Muthoni, ambaye alikuwa akipika pombe ya muratina kwa siri na kuwauzia homugadi, na ambaye wengine hawakuwa wakimsalimia, alileta mti wa katikati ya paa, mzuri kuliko yote, na kibaba cha unga. Cucu alipokea vyote viwili, kisha akamwambia mbele ya watu, "Na huyu mwanamume hatanunua kwako." Mama Muthoni akasema, "Hata akilia machozi ya damu." Nyasi za mwisho ziliwekwa jua likiwa juu ya handaki. Moto ungetoka nyumba yetu ya zamani, ndiyo desturi, lakini nyumba yetu ya zamani ilikuwa na kufuli ya mzungu. Cucu akaamua wa Tata unatosha. Niliubeba mimi, makaa matatu kwenye kigae, nikitembea kama nimebeba yai, na wanawake wakinipisha njia. Nilikuwa nimeinama nikipuliza ndani ya mafiga filimbi ilipolia. Mkubwa wa kijiji alikuja, akainama mlangoni, moshi ukamwingia machoni, akaondoka. Lori la kesho lilikwenda bila sisi.

Msimu ule wa mvua tulilishwa. Kila siku nyumba moja ilituletea uji, wakapokezana, hadi mama alipoanza kupewa posho yake. Na baba alilindwa. Sijui neno jingine. Mkubwa wa kijiji alimtaka handakini pamoja na wanawake, nao wakamweka katikati yao. Akienda chooni alikuta mama mmoja anafagia pale karibu. Akielekea kwa Mama Muthoni alikutana na mwingine anamwuliza habari za mguu wake, na mguu haukuwa na neno. Siku nyingine alikuwa akitukana mpaka tunaziba masikio, siku nyingine alikaa akimshika mdogo wangu na kuangalia ukuta. Sikumpenda. Nilimwogopa, halafu nikaanza kumzoea, kisha siku moja akanichongea mwiko na nikagundua hanuki. Mvua ilipokwisha alikuwa mtu. Alikuwa mtu aliyefungiwa ndani ya handaki, kwa seng'enge upande mmoja na kwa wanawake upande wa pili, lakini alikuwa mtu.

Nasikia watu wakisimulia miaka ile siku hizi, mazishini na mikutanoni, hasa wanaume walioshiba. Wanasema zamani tulipendana. Nataka kuwatupia kitu. Hatukupendana kwa sababu ya zamani. Tulifungiwa. Uchovu wa mwenzako uliuona kila siku, njaa yake ilipitia ukutani kwako, na hukuwa na pa kukimbilia. Hata hivyo najua hilo si jibu zima, kwa sababu na yule mwenye koti la jeshi alifungiwa ndani ya handaki lilelile, na hakuleta hata ufito mmoja.

Emajensi ilipokwisha na handaki likafukiwa, tulishangilia. Mama alicheza. Lango likang'olewa, watu wakagawiwa mashamba, wengine wakapata, wengine, kama sisi, wakaambiwa wangoje. Tata Wangari alienda upande wa Kalimoni. Cucu alikufa kabla ya kuona kwake tena. Na baba, kwa kuwa sasa aliweza kwenda anakotaka, alienda Thika kutafuta kazi ya kiwandani, akaipata, na mshahara wake wa kwanza ukamkuta hana mwanamke hata mmoja anayefagia njiani. Alianza kulala kwenye veranda ya duka la Mhindi mmoja aliyemwachia gunia la kujifunikia. Mama alikuwa akitembea kwenda kumtafuta, anamrudisha, naye baba anaondoka tena. Alifia pale verandani. Nilikuwa shule ya bweni, kwa fedha za mama za kuchuma kahawa, na niliitwa ofisini nikaambiwa kwa Kiingereza. Nalichukia lile handaki mpaka leo. Ninachochukia zaidi ni kwamba nikihesabu miaka ambayo nilikuwa na baba, yote iko ndani yake.

Sasa nimepita miaka thelathini, nina mtoto wangu. Tunaishi Ruiru, chumba kimoja katika ploti yenye vyumba vilivyopangwa kama makopo, na hakuna seng'enge, na mtu yeyote anaweza kwenda popote wakati wowote. Juzi mwenye ploti aliung'oa mlango wa jirani yangu, Mama Akinyi, aliyetoka magharibi na mumewe kuja kufanya kazi kiwandani. Mume amekunywa kodi. Mlango ulibebwa kichwani na kupitishwa uani mchana kweupe, na milango mingine yote ikafungwa mmoja mmoja, taratibu, nikayasikia makomeo yake. Mama Akinyi ameketi ndani na watoto wawili na upepo, ameelekeza mgongo nje ili asituone tukipita. Nilimwuliza jirani mwingine, mwalimu, tufanye nini. Akaniambia, "Si kuna ofisi ya mambo hayo? Na hata hivyo hawa si watu wa kwetu." Nikaingia kwangu, nikavuta blanketi kitandani.

Nimetundika blanketi yangu mlangoni pake. Haitoshi, mvua inapita. Mumewe amelala ndani, amejikunja, anatetemeka, na ninajua vizuri mtetemeko ule unataka nini. Mtoto wangu akiamka nitamfunga mgongoni nianze chumba cha kwanza, cha mwalimu, niende mpaka cha mwisho. Anayeogopa mwenye ploti anipe kimyakimya. Mwenye ubao alete ubao. Mwenye bawaba alete bawaba. Atakayeniambia haimhusu nitasimama mlangoni pake, mtoto akilia, hadi atoe hata msumari. Kisha mume wa Mama Akinyi nitamwamsha mimi mwenyewe, kwa maji baridi, aje ashike huo mlango mpya tukiupigilia.