Gitaa kwa Ng'ombe wa Kitovu

Gitaa lilikuwa limelazwa juu ya godoro, mwenyewe amesimama kushoto kwake, na hapo hapo nikaanza kumshuku. Mimi nimelelewa na soko la mifugo la Garissa. Tangu nipate akili nimeshika kamba za ng'ombe wa watu, na jambo nililojifunza ni kwamba muuzaji akisimama mahali pamoja asitake kuondoka, hapo alipo pana kitu. Pana jipu, au kovu la fisi, au jicho lisiloona. Basi nikazunguka kushoto. Naye akazunguka nami, taratibu, huku anatabasamu.

"Adeer," nikamwambia, kwa maana alikuwa mtu wa makamo na kwetu huwezi kumwita mtu wa umri ule vinginevyo ila ami, "nipishe nilione."

"Si unaliona?"

"Nataka kuliona hapo uliposimama wewe."

Akashusha pumzi, akasogea. Nikaligeuza. Pale shingo ya gitaa inapoungana na mwili wake palikuwa na ufa mrefu uliojazwa gundi ya manjano.

"Lilivunjika njiani tukikimbia," akasema. "Nililigundisha mwenyewe. Mpaka leo halijafunguka."

"Na ungeniambia lini?"

"Ukishalinunua."

Wallahi nilitaka kumkasirikia, na mimi si mtu wa kuchelewa kukasirika, lakini alilisema kwa uso mkavu kiasi kwamba kicheko kilinitoka bila ruhusa yangu.

Kabla ya vita alikuwa mpiga gitaa katika hoteli moja huko Mogadishu. Sasa alikuwa mkimbizi aliyepanga chumba mtaa wa Iftin, karibu na kwetu, na Alhamisi alfajiri angeondoka na msafara wa mabasi ya Nairobi, halafu aende ng'ambo kwa binti yake. Hakuona haja ya kulibeba gitaa. Lilikuwa gitaa la umeme la bei ya chini, la aina ambayo hata yeye alikunja pua akiitaja. Rangi yake nyekundu ilikuwa imebanduka, na kifungo kimoja kimepotea, mahali pake pamechomekwa kizibo cha chupa ya dawa. "Hata lilipokuwa jipya lilikuwa gitaa la maskini," akaniambia. Angalau hapo hakunificha kitu.

Na mimi nililitaka mpaka mate yakanikauka kinywani. Nilikuwa napiga kaban, ile ala yetu ya Kisomali ya nyuzi kama udi, katika kundi la muziki wa arusi. Ndicho kitu pekee nilichokifanya vizuri hapa duniani. Kushika kamba za ng'ombe hata mtu anayesinzia anaweza. Lakini miaka ile ya tisini arusi za mjini zilibadilika. Kundi lilileta kinanda cha umeme, likaleta spika kubwa kubwa, na kaban yangu ikamezwa nzima. Nilikuwa napiga na mimi mwenyewe sijisikii. Kiongozi wetu akaniita kando, akaniambia bila kuzunguka: msimu wa arusi baada ya Idi ukifika sina gitaa, atatafuta mwenye nalo. Unga wangu ulikuwa unamwagika hivi hivi nikiutazama.

Umeme wa mji wetu siku zile ulikuja ulipojisikia kuja. Tulikaa pale chumbani tukiusubiri, jua likiinama. Ghafla balbu ikawaka. Yule bwana akaruka, akachomeka waya kwenye kispika chake kidogo, akanipa gitaa mikononi.

"Piga, kabla hawajaghairi!"

Nikapiga. Kwanza lilikwaruza, halafu sauti ikasafika. Nilipiga wimbo wa kumtoa bibi arusi, ule ule nilioupiga kwenye kaban miaka yote, na safari hii nilijisikia. Ukuta ulinirudishia sauti yangu. Nikakaza uzi mnene ili niujaribu ule ufa, na mbao ikalia, ka! Kidogo tu. Moyo wangu uliruka, na mwenyewe naye aliruka. Tukatazamana. Kabla hajafungua mdomo umeme ukakatika.

"Ni uzi," akasema.

"Si uzi."

"Haya, si uzi. Unalitaka ama hulitaki? Kuna karani wa serikali, mtu wa Kenya, analitaka kwa kwaya ya kanisa lao. Anakuja kesho jioni."

Sisi wa huku, mtu akivuka daraja la Tana tunasema amekwenda Kenya, na aliyetoka ng'ambo ile ni mtu wa Kenya. Huyo karani simjui, lakini nilimchukia papo hapo. Nikamsihi yule bwana asimpe mtu gitaa mpaka kesho alasiri, nikatoka. Pesa sikuwa nazo. Nilikuwa na ng'ombe.

Kwetu mtoto akizaliwa, kabla kitovu chake hakijaanguka, hutajiwa mnyama jike, na mnyama huyo na uzao wake wote ni mali ya mtoto mpaka mwisho. Mimi nilitajiwa mtamba huko Ijara. Kiangazi kiliwamaliza wengi wa uzao wake, na aliyenibakia mjini alikuwa mjukuu wa yule wa kwanza, ng'ombe mweupe mwenye nundu iliyolalia upande. Alikuwa wangu. Hakuna ambaye angeweza kunizuia nisimuuze.

Lakini aliyemkamua alikuwa bibi yangu, ayeyo, aliyenilea tangu mama yangu alipofariki. Kila asubuhi alikamua, akatia maziwa kwenye vibuyu alivyovifukiza moshi, akaenda kuketi kwenye safu ya akina mama wauza maziwa. Hakuwa na shughuli nyingine. Na msidhani ni maziwa tu. Pale kwenye safu ndipo alipoamkiwa, ndipo alipoulizwa mambo ya ndoa za watu, ndipo alipowatania madereva wa malori mpaka wakasahau chenji zao. Nyumbani alikuwa mzee anayeumwa magoti. Kwenye safu alikuwa mtu. Nikimuuza ng'ombe nilikuwa namwondoa ayeyo pale, na nikibaki na ng'ombe ni mimi ninayeondolewa kwenye muziki. Sikuona njia ya katikati, na niliitafuta njia yote ya kurudi nyumbani.

Nilimkuta anatandika mkeka wa kuswalia. Nikamwambia yote pale pale nikiwa nimesimama: gitaa, ufa, karani, kundi. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Majibu yangu yote yalikuwa tayari kooni.

"Ng'ombe ni wako," akasema.

"Najua ni wangu, ayeyo! Nakuuliza wewe unaonaje."

"Mimi naona ng'ombe ni wako."

Ala! Damu ikanichemka. Nikamwambia basi anikataze, anitukane, aseme gitaa ni upuuzi kama wasemavyo majirani, ili na mimi nipate la kujibu. Hakutaka kabisa kunipa la kujibu. Aliniuliza swali moja tu: ile mbao iliyogundishwa ikifunguka, nitafanya nini?

"Sijui," nikasema.

"Haya," akasema, akaufunga mtandio wake vizuri, akageukia kibla.

Usiku ule nilijigeuzageuza mpaka kitanda kikanichoka. Mara nauza, mara siuzi. Nikifumba macho nasikia ile ka! ya mbao, nawaza gitaa likipasuka katikati ya arusi ya watu, na ng'ombe wa kitovu changu akiwa amegeuka kuni.

Asubuhi ilikuwa Jumatano, siku ya soko. Nilipoamka ng'ombe hayupo, na ndama wake anapiga kelele zizini peke yake. Roho ikanipaa. Nilitoka mbio na kikoi sijakifunga sawasawa, nikawakuta njiani karibu na soko. Ayeyo alikuwa ameshika kamba, anamvuta ng'ombe polepole kwa sababu ya magoti yake. Alikuwa amemwosha matope ya miguu na kumchambua kupe masikioni.

"Umechelewa," akaniambia. "Wanunuzi wazuri huja mapema."

"Nani amesema nauza?"

"Wewe, jana, na kelele zote zile. Ndama anabaki. Ni jike. Ukiuza na ndama utakuwa umeuza mpaka kitovu chako, na hilo sitakuachia, hata kama ni wako."

Akanipa kamba. Nikaipokea, ningefanya nini?

Dalali alikuwa mtu niliyewahi kumfanyia kazi, tena mwenye mdomo mkali. Akamleta mnunuzi, mfanyabiashara aliyepeleka ng'ombe Nairobi na wengine akiwauzia watu wa maziwa. Kwetu bei haitangazwi. Dalali na mnunuzi hushikana mikono chini ya shuka, na vidole ndivyo vinavyosema: kimoja kikibanwa ni hivi, viwili ni vile. Waliosimama kando huona nyuso tu. Nimezitazama nyuso hizo maisha yangu yote bila wasiwasi, lakini siku ile nilizitazama mpaka macho yakaniwasha. Mnunuzi alitikisa kichwa. Dalali akacheka kicheko cha dharau, akabana tena. Mnunuzi akauchomoa mkono wake, akamzunguka ng'ombe, akainama, akachungulia chini ya tumbo. Akarudi na kuuingiza mkono chini ya shuka bila kuambiwa.

Halafu dalali akanishika mkono mimi, akanibana vidole kunijulisha. Bei ilikuwa nzuri, na ililitosha gitaa. Ilikuwa nzuri kupita nilivyotarajia, hadi nikajiuliza yule bwana ameona nini huko chini. Nikainama na mimi.

Kiwele kilikuwa kimejaa kimevimba, chuchu zinadondosha maziwa mchangani. Ayeyo hakumkamua. Alikuwa ameyaacha maziwa ya asubuhi ndani ya ng'ombe ili mnunuzi ayaone, ili mimi nipate bei. Wenzake walikuwa wameketi kwenye safu na mahali pake pako wazi, na wateja wake wa miaka yote wananunua kwa wengine. Nikainuka, nikamtafuta kwa macho. Yeye alikuwa amesimama mbali kidogo, ameshika kiuno, anatazama mbuzi wa watu.

"Mwenye mali!" dalali akaita kwa sauti. "Neno lako. Umeuza?"

Mwenye mali sharti alitamke kwa kinywa chake, mbele ya waliosimama, na akishatamka hakuna kurudi nyuma. Nililichukia gitaa, nikauchukia ule ufa, nikamchukia ayeyo kwa kunisaidia. Angekataa ingekuwa rahisi mara elfu. Ningemshinda kwa maneno au angenishinda, tukaenda zetu nyumbani. Lakini mtu aliyeosha miguu ya ng'ombe, jamani, nimjibu nini?

"Umemeza ulimi?" dalali akanifokea. "Watu wana kazi zao!"

Mnunuzi akaanza kujikung'uta mavumbi kama mtu anayeondoka. Nikamtazama ayeyo. Naapa, angegeuza uso wake kwangu mara moja tu, ningemrudisha ng'ombe zizini na gitaa liende kanisani. Hakugeuka. Aliendelea kutazama mbuzi.

"Nimeuza," nikasema.

Alasiri nikawa chumbani kwa yule mkimbizi, na pesa nilimpa haraka haraka nisije nikaghairi. Alilishika gitaa muda mrefu kuliko mtu anayeuza takataka. Akaniambia kila nikimaliza kupiga nizilegeze nyuzi, ili ule ufa usibebe mzigo bure, na waya wa kispika nisiukunje. Kisha akanipa, akageukia masanduku yake. Alhamisi aliondoka na sikumwona tena.

Lakini ilikuwa bado Jumatano ile ile. Baada ya swala ya magharibi umeme ulikuwepo. Nilichomeka kispika ukumbini kwetu, nikaketi sakafuni, nikaanza kukaza nyuzi, moja baada ya moja, jasho linanitoka. Kwenye uzi mnene mbao ikalia. Nikasimamisha mkono. Nikakaza tena, kidogo mno, na mbao ikanyamaza, ikashika. Nikasema alhamdulillahi kwa sauti.

Ayeyo alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na mlango, vibuyu vyake amevipindua ukutani, mkononi ana kikombe cha chai isiyo na maziwa. Huko nje ndama alikuwa anamwita mama yake tangu asubuhi, na sauti yake ilikuwa imeanza kukauka.

Nikapiga wimbo wa bibi arusi, kwa chini chini, kwa kumwogopa. Gitaa lilitoa sauti safi. Nilifurahi, siwezi kudanganya. Nilifurahi na nikaona haya kwa wakati mmoja, na mpaka leo sijaweza kuvitenganisha viwili hivyo. Niliendelea kupiga nikisubiri aseme kitu, hata tusi. Alikuwa amegeuzia uso wake mlangoni.

"Ongeza sauti," akasema.

Nikaongeza. "Umeupenda, ayeyo?"

"Ongeza," akasema. "Bado namsikia."