Mnara Msibani

Mimi naziba pancha karibu na stesheni ya Tabora. Shule niliishia la saba, na tuliachana kwa amani, hakuna aliyemlilia mwenzake. Nasema mapema ili mtu asishangae fundi pancha kueleza habari za mashindano ya kimataifa. Nilikuwemo. Tena nilikuwemo chini kabisa, maana kwenye mnara wetu wa watu mimi ndiye msingi. Wenzangu wanakanyaga mabega yangu, wengine wanakanyaga mabega ya hao, na juu ya wote anasimama mdogo wangu wa kike.

Mchezo wenyewe ni ule wa kushangilia. Huko ulikotoka walikuwa wanashangilia timu za mpira kwa kurushana hewani, baadaye ushangiliaji ukawa mchezo wenye vikombe vyake, mpira ukabaki huko. Sisi tuliuona kwenye simu, tukaanza kuuiga kwenye mchanga, tukavunjika vunjika kidogo, mpaka akaja mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mama mkali kama pilipili ya shambani, akasema mkitaka kufa mfe kwa utaratibu. Akawa kocha wetu.

Kwa kujifunzia tulipewa godauni na mzee mmoja aliyekuwa mfanyabiashara wa asali. Jengo la zamani, kuta nene, paa juu kabisa. Alikuwa anakaa mlangoni juu ya debe tupu anatutazama kama anatazama mchele unaoiva. Sheria ilikuwa yake: mnara haujakamilika mpaka mdogo wangu aguse boriti kwa mkono. Asipoifikia, mzee anasema, "Bado mbichi." Akiigusa, mzee anasema, "Epueni," na sisi tunamshusha. Hakuwa babu yetu wa damu, ila mdogo wangu alikuwa anamwita babu, naye mzee anamwita "mke wangu", kama babu na mjukuu wanavyotaniana, na kila jioni alikuwa anamwekea kipande cha sega la asali kwenye jani.

Sasa ikasikika kwamba mashindano ya kimataifa ya vijana yanatafuta mji wa kufanyikia. Neno kimataifa lisikutishe, zilikuwa nchi chache tu. Iliyofikiriwa ni mji mmoja wa ziwani, mwingine wa kaskazini kwenye baridi, na sisi. Sisi tulikuwa na treni, tulikuwa na godauni lenye paa refu, na kocha alikuwa na mdomo. Aliwaeleza waandaaji kwamba Tabora imezoea wageni tangu misafara ya pembe za ndovu, watu wanaingia kutoka Kigoma na kutoka pwani, wanapumzika, wanaondoka. Nikamwambia, "Mwalimu, na wale walioingia wamefungwa minyororo umewataja?" Akaniambia nikazibe pancha.

Lakini kulikuwa na jambo moja lililotunyima usingizi. Mji utakaochaguliwa unaingiza timu yake moja kwa moja. Wengine wote lazima wakafuzu nje ya nchi, na sisi hata nauli ya kufika Kaliua tulikuwa tunaitafuta kwa maombi. Na mdogo wangu alikuwa na miaka kumi na saba. Kwa anayesimama juu kundi la vijana linaishia hapo, akivuka basi; sisi wa chini tunaruhusiwa kuwa wakubwa kidogo. Kwa hiyo kwake ilikuwa ni Tabora ichaguliwe mwaka huo au asahau. Hakulisema sana. Ila nilimkuta mara nyingi uani amesimama kwa mguu mmoja juu ya kinu kilichopinduliwa, macho kayafumba, mkono juu, anatafuta boriti ambayo haipo.

Wakaguzi wakapangiwa siku. Tukafagia godauni, tukachora mistari ya chaki sakafuni. Alfajiri ya siku ile ile, mzee wa asali akafa.

Hakuugua. Mkewe alimwamsha kwa chai, hakuamka. Ilikuwa mvua, na uwanja wao ulijaa maji, kwa hiyo watu wa msiba wakaingia godauni. Mikeka ikatandikwa juu ya chaki yetu. Kufikia saa nne jeneza lilikuwa limeshaletwa, limewekwa katikati, chini ya boriti kabisa, na kwaya ya Moravian inaimba taratibu. Mdogo wangu alikaa upande wa miguu wa jeneza tangu asubuhi. Alikuwa amevaa sare yetu kwa ajili ya ukaguzi, akajifunga kanga mbili juu yake, na hakuna aliyejua kama amevaa sare au la.

Kocha akaenda kwa mjane. Mimi nilikuwa nyuma yake.

"Shikamoo, bibi. Poleni sana."

"Marahaba. Umekuja kulia, mwalimu, au umekuja kupima sakafu?"

Kocha akatazama mkono wake. Kumbe alikuwa bado ameshika futi ya kupimia. Akaificha nyuma, mimi nikaipokea, nikaitia mfukoni.

"Wageni wako njiani, bibi. Jioni wanapanda ndege. Nilitaka tu..."

"Hakuna ngoma hapa, hakuna kurushana. Mwenye nyumba amelala."

Basi. Na alikuwa na haki yake. Kwetu ngoma hailii mpaka tanga lianuliwe, hilo halihitaji mkutano. Wenzangu wakaanza kuvua viatu vya michezo mmoja mmoja. Mmoja akanong'ona, "Mzee naye, angesubiri jioni." Nikacheka kidogo kisha nikaona aibu.

Wageni wakafika wawili. Mmoja alikuwa mwanamke wa kizungu, mrefu, mpole, kazi yake ni usalama wa washiriki, na mkononi ana kidude cha kupimia urefu kwa mwanga mwekundu. Akakielekeza darini, akaona jeneza, akakizima haraka. Mwingine alikuwa mama wa makamo kutoka Dodoma, wa upande wa nchi yetu, ndiye pia mkalimani. Huyu akasimama mlangoni, akamuuliza kocha chini chini, "Marehemu kabila gani?"

"Mnyamwezi."

Yule mama akavua viatu. Akampa yule mzungu faili lake, akachukua kanga kwa mwanamke aliyekuwa karibu bila kuomba, akajifunga kiunoni. Kisha akasalimia Kigogo kwa sauti ya kuamsha mji, "Mbukwenyi!", akaenda kulala chali mbele ya jeneza.

Godauni zima likashusha pumzi. Mtani amefika.

Kwa asiyejua, Wagogo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Babu zetu walipeleka mizigo pwani, njia ikapita Ugogo, na Wagogo hawakuruhusu mtu apite wala anywe maji bila ushuru. Ugomvi ule umebaki kuwa utani, na mahali pake hasa ni msibani. Mtani anafanya analotaka. Hakasirikiwi, wala hakataliwi.

"Huyu anakwenda wapi?" akauliza, bado kalala. "Babu zake walipita kwetu na pembe, wakamaliza visima, wakaondoka kama hawajatuona. Leo mmoja anapita peke yake, hata mzigo hana. Ushuru wangu uko wapi?"

Mzee mmoja akajibu kutoka pembeni, "Maji yenyewe yalikuwa ya chumvi."

"Na mkayamaliza. Mngekuta matamu mngeondoka na kisima."

Watu wakacheka huku wanajifuta machozi. Mjane mwenyewe akacheka ndani ya kanga. Wakamletea kuku, akamkataa, akasema huyo kuku ni mwembamba kuliko marehemu. Wakamwambia achukue debe la asali. "Asali gani? Tazameni jeneza lilivyo pana, asali yote anaondoka nayo." Yule mzungu alikuwa amesimama mlangoni ameshika mafaili mawili, anatabasamu kama mtu aliyeambiwa atabasamu.

Ndipo yule mama akajiinua kwa kiwiko, akaona mstari wa chaki uliochungulia kati ya mikeka.

"Nimetoka Dodoma kuja kuona mnara," akasema. "Mwenye nyumba kuona nakuja, akafa, anifungie mlango. Basi hapiti. Ushuru wangu ni mnara, hapa hapa. Usiposimama, maiti namchukua mimi, nyinyi mtazika gogo la mgomba."

Watu wakamtazama mjane. Mjane akajifunika uso, akasema, "Mtani ameshasema."

Nilimwona kocha. Uso wake uling'aa halafu akauzima haraka, kama mtu aliyewasha taa nyumba ya watu. Wenzangu wakaanza kuvaa viatu. Mikeka ikakunjwa, jeneza likasogezwa kidogo. Wote tulikuwa tunatazamana, nani asimame wapi, nani amshike nani. Mdogo wangu alikuwa bado amekaa pale pale. Kocha akamvua zile kanga, moja halafu nyingine, sare ikaonekana, akamsimamisha.

Kawaida tunahesabu kwa sauti. Siku ile tulihesabu kwa pumzi. Nikashika nafasi yangu, wa pili wakapanda, wa tatu wakapanda, kisha nikahisi mguu wake. Mguu wa mdogo wangu naujua kuliko namba yangu ya simu. Ulikuwa wa baridi. Akapita begani kwangu, akaendelea juu.

Aliyeko chini haoni juu. Mimi niliona mikeka, miguu ya kwaya, na ubavu wa jeneza. Nilijua ameigusa boriti kwa sababu ya watu, wote waliinua nyuso mara moja. Halafu tukasubiri neno. Hakuna aliyesema epueni. Aliyekuwa analisema alikuwa hapo chini yake, kwenye mbao.

Na yeye hakushuka. Alikuwa ameikumbatia boriti kwa mikono miwili. Matone yakaanza kuniangukia shingoni, nikadhani paa linavuja. Nikanong'ona, "Dogo, shuka basi, mimi si kinu." Ni utani wetu wa mazoezini, huwa anacheka. Matone yakazidi. Magoti ya jirani yangu yakaanza kucheza. Ndipo yule mama wa Dodoma akasogea, sauti yake si ya utani tena, akasema, "Shuka, mjukuu wangu. Nimeshalipwa." Akaachia. Tukamdaka.

Akatoka nje, akasimama chini ya michirizi ya bati. Yule mzungu akamfuata, akachuchumaa ili asimtazame kutoka juu, akamuuliza kitu. Mama wa Dodoma alikuwa ameshavua kanga na kuvaa viatu. Akatafsiri, "Anauliza, wewe ulitaka kupanda?"

Kocha alikuwa nyuma ya mzungu, macho yamemtoka, kichwa kinaitikia ndiyo, ndiyo, kama mjusi ukutani. Mdogo wangu alimwona. Nina hakika alimwona, maana na mimi nilimwona, na nilikuwa mbali zaidi.

"Hapana," akasema.

Yule mama akatafsiri vile vile. Baadaye alijitahidi sana, alieleza utani, alieleza Ugogo na visima, alieleza kwamba ile ni heshima kwa marehemu. Mzungu alisikiliza yote kwa adabu. Aliuliza swali moja tu, kwamba kama mtani hakataliwi, je, mtoto naye anaweza kumkataa? Yule mama akachukua faili lake. Tukamzika mzee mchana ule, wakaondoka jioni.

Baada ya wiki kadhaa kocha akatuita godauni, simu mkononi. Umechaguliwa mji wa ziwani. Kwetu Tabora wakaguzi walisifu paa, wakasifu sakafu, wakasifu treni hata ambayo huwa inachelewa. Ila hawakuridhika kwamba kijana wa hapa akisema hapana, atasikilizwa. Kocha alisoma mpaka hapo, akaikunja miwani yake. "Wametuonea," akasema. "Hawakuelewa." Hakumtazama mdogo wangu, na nadhani kutotazamwa kulimuuma zaidi ya matusi.

Wenzangu hawakunyamaza hivyo.

"Hapana moja, sista, imetufukuza wote."

"Angesema ndiyo angekufa?"

"Muulizeni kesho kama anataka kula, labda naye hataki."

Nikawaambia waniachie mdogo wangu, na kwamba msingi nikiondoka mimi wataruka kwenye shimo la choo. Wakacheka. Kuchekesha ndicho ninachoweza. Lakini rohoni na mimi nilikuwa nimemkasirikia, nisiseme uongo. Nilikuwa nimeshajiona nimevaa sare mpya, mataifa yananitazama nikikanyagwa.

Nilimkuta uani anaifua ile sare, ingawa ilikuwa haina kazi tena.

"Ulijua ukisema hapana tunakosa?"

"Nilijua."

"Na mwakani umri umeisha."

"Najua umri wangu, kaka."

"Sasa?"

Aliikamua sare, akaikung'uta, akaianika.

"Tangu asubuhi ile," akasema, "ni yule mzungu peke yake aliyeniuliza."

Nikabeba beseni, nikamwaga maji.

Mpaka leo sijui nimlaumu nani. Yule mama wa Dodoma hakufanya kosa, alimzika mtani wake kama inavyotakiwa, na mjane anamsifia hadi leo. Mzungu naye aliuliza alichoona. Wote walikuwa watu wema ndani ya godauni moja, na mdogo wangu akatoka humo hana mashindano wala babu.

Siku ya arobaini tuliitwa tena. Mvua ilikuwa imekatika. Safari hii ngoma ilikuwepo, na mjane mwenyewe alisema, "Vijana, msimamisheni mnara wake, nimeruhusu kwa mdomo wangu." Kocha akapiga makofi, wenzangu wakajipanga. Nikaenda kwenye nafasi yangu, nikaunganisha viganja kama kawaida, mdogo wangu aweke mguu. Akaja akasimama mbele yangu, kanga kiunoni, anatazama boriti.

"Unapanda?" nikamuuliza. Miaka yote ile nilikuwa sijawahi kumuuliza.

"Hapana."

Ngoma ilikuwa imeshaanza. Nikashusha mikono, nikaenda kusaidia kupakua pilau.